Ngozi ya Yeti niliyoiona Khumjung

Nikiwa safarini katika Himalaya ya Nepal, nilifika kwenye monasteri ya Khumjung, inakohifadhiwa ngozi inayodaiwa kuwa ya kichwa cha Yeti, kiumbe wa hadithi anayesemekana kufanana na nyani mkubwa na kuishi milimani huko, na mtunzaji akatufungulia sanduku lake kwa heshima kubwa. Mpanda milima maarufu Edmund Hillary aliiazima mwaka 1960 ili ichunguzwe, na wataalamu wakabaini kuwa ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2017 nao ulionyesha kwamba, kati ya sampuli 9 zilizohusishwa na Yeti, 8 zilikuwa za dubu na 1 ya mbwa. Sikuvunjika moyo hata kidogo, kwani utafiti huohuo ulithibitisha kuwa dubu wa kahawia wa Himalaya, ambao ni wachache mno, ni ukoo wa kale uliojitenga mapema na wenzao.