Kurudi kwa Lyra, msimu wa korosho

Mtwara, Novemba

The Rose Field, riwaya mpya ya Mwingereza Philip Pullman kuhusu msichana Lyra, kilitoka Oktoba 2025, na huku kwetu Oktoba ni mwezi ambao masikio yote yako kwenye mnada wa korosho. Wenye mashamba wanakianza sasa, mzigo ukiwa umeshafika ghalani. Swali wanaloulizana wasomaji wa hapa ni moja: trilojia ya Philip Pullman tuliisoma tukiwa sekondari, mengi yamesahaulika, sasa tuingilie wapi?

Nashauri kufuata mwaka wa kuchapishwa, si umri wa Lyra. Northern Lights ni cha 1995, The Subtle Knife 1997, The Amber Spyglass 2000. Kisha kimya kirefu, visitokee ila vitabu vidogo vya pembeni, hadi mfululizo mpya, The Book of Dust, ulipoanza: La Belle Sauvage 2017, The Secret Commonwealth 2019, halafu hiki cha sasa. Kwa kalenda ya hadithi yenyewe, La Belle Sauvage kinatangulia vyote, maana humo Lyra bado ni kichanga cha miezi michache kinachotunzwa na masista. Wapo wanaowaambia wageni waanze nacho. Sikubaliani nao hata kidogo. Hofu yote ya kitabu kile inatokana na kujua mtoto yule atakuja kuwa nani. Bi Coulter, mwanamke hatari wa trilojia, anapoingia akitabasamu, msomaji wa zamani anatetemeka. Msomaji mgeni anaona bibi mrembo tu.

Tahadhari kwa wanaonunua vitabu vya mtumba: Northern Lights na The Golden Compass ni kitabu kimoja. Marekani walikipa jina hilo la pili, na filamu ya 2007 ikalitumia. Watu wamenunua vyote viwili wakidhani wanaendelea mbele.

Kama muda hautoshi kurudia trilojia nzima, usikimbilie muhtasari. Chukua The Amber Spyglass, soma sura zile za nchi ya wafu, kisha sura tatu za mwisho. Katika ulimwengu wa Lyra nafsi ya mtu iko nje ya mwili wake, ina umbo la mnyama, inaongea, inabishana naye, na haiwezi kukaa mbali naye bila maumivu makali. Huyo ndiye dimoni. Dimoni wa mtoto hubadilika kila saa, mara nondo, mara paka, mara ndege. Utu uzima ukikaribia anatulia kwenye umbo moja na habadiliki tena. Pantalaimon, dimoni wa Lyra, anatulia akiwa mnyama mwembamba wa misitu ya kaskazini, jamii moja na kicheche.

Msomaji wa Mtwara na Lindi analielewa jambo hili haraka kuliko wengi. Aliyekulia kwenye vijiji vya Newala au Tandahimba anajua kwamba utoto una mlango, na ukishavuka upande wa pili huwezi kurudi nyuma. Vijana wanatoka jandoni na nguo mpya, ngoma zinalia, mapiko, wale wavaa vinyago, wanacheza, na kuanzia siku hiyo mama mwenyewe anamwita mwanawe kwa namna nyingine. Pullman ameweka mlango huohuo mwilini mwa mnyama. Tofauti ni kwamba Lyra hana kungwi wala somo wa kumshika mkono upande wa pili, na mfululizo mpya umejengwa juu ya upungufu huo.

Maana ili aingie nchi ya wafu, Lyra alimwacha Pantalaimon peke yake ufukweni. Baadaye wakapatana, na trilojia ikafungwa na huzuni nyingine kubwa zaidi: Lyra na Will, kijana wa dunia yetu anayempenda, wanatengana kila mmoja kwenye ulimwengu wake, kwa sababu kila dirisha linalokatwa na kisu cha ajabu cha Will kati ya dunia mbili linazaa kivuli kinachokula nafsi za watu wazima, na Vumbi, chembe zenye fahamu, linavuja humo. Msomaji kijana alilia kwa ajili ya Will akamsahau Pan pale ufukweni. Mfululizo mpya unakuja kudai deni hilo. Katika The Secret Commonwealth Lyra ana miaka 20, ni mwanafunzi Oxford, yeye na Pan hawasemezani vizuri, na kwa kuwa safari ile iliwapa uwezo wa kutengana, Pan anaondoka. Asiyekumbuka ufukwe ule ataona ugomvi wao umetoka hewani, na wengi wanaolalamika kwamba Lyra mkubwa anaudhi wamekwama hapohapo. Anaudhi kweli. Amesoma wanafalsafa wawili wanaomfundisha kwamba kisichopimika hakipo, akawaamini, na mwandishi anataka tuone hasara yake.

Kitu cha pili cha kukumbuka ni aletiometa, na hapa ninashauri kwenda taratibu. Ni chombo cha dhahabu kama saa nene ya mfukoni, chenye picha 36 kuzunguka uso wake. Msomaji anazungusha vifundo vitatu, kila kimoja kinasogeza mkono mmoja hadi kwenye picha, na picha hizo tatu kwa pamoja ndizo swali. Mshale wa nne haushikwi na mtu, unajizungusha wenyewe, unasimama hapa na pale, na vituo vyake ndivyo jibu. Ugumu uko kwenye maana. Nanga, kwa mfano, kwanza ni tumaini, kwa kuwa inashikilia chombo kisichukuliwe. Pili ni uthabiti, tatu ni kizuizi, nne ni bahari, na zinaendelea kushuka. Lyra mtoto alizishuka ngazi hizo bila kitabu. Mwisho wa trilojia kipaji kikamtoka, ikabidi ajifunze kwa vitabu kama wataalamu wengine. Mfululizo mpya unaleta njia ya tatu, ya haraka, isiyohitaji vitabu, lakini inamtia mtumiaji kichefuchefu. Ukichanganya njia hizi tatu, nusu ya mbio za kitabu cha pili hazitaeleweka.

Weka karatasi moja ndani ya jalada. Andika jina la mhusika, dimoni wake, na anatumikia upande gani. Vitabu vipya vina watu wengi na vyama vya siri, na dimoni anakaa kichwani kuliko jina: ukiandika fisi wa miguu mitatu, Gerard Bonneville hatakupotea. Mwandike Hannah Relf mapema. Kwenye trilojia anapita kama kivuli, ila katika La Belle Sauvage ndiye anayesoma aletiometa kwa ajili ya kundi la siri, na ujumbe wake unasafiri ndani ya tunda la mwaloni la mbao linalofunguka kwa kulizungusha upande usiozoeleka. Malcolm, mtoto wa miaka 11 mwenye mtumbwi, anaigundua siri hiyo kwa vidole vyake. Hapo ndipo nilipompenda.

Gharika ya mto Thames inachukua nusu nzima ya kitabu, na wengine wanasema ni ndefu mno. Sisi tulioona barabara ya Lindi ikikatika Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, hatuna haja ya kuambiwa kwamba maji yakishapanda, safari inabadilika kuwa kitu kingine kabisa.

Kwa wazazi: trilojia inamfaa mtoto wa miaka 12 na kuendelea, ingawa inaishambulia mamlaka ya kanisa waziwazi, kwa hiyo isome naye mjadiliane. The Secret Commonwealth si cha umri huo. Ndani ya treni askari wanamvamia Lyra, na ukatili ule haukufichwa. Kisubiri hadi afike 16 hivi.

Na usikifungue cha pili kabla cha tatu hakijawa mkononi. Kinakatika katikati ya safari, usiku, huku Lyra akiwa bado anamtafuta Pan. Waliokisoma 2019 walikaa miaka sita wakingoja. Kama unaagiza Dar, viagize vyote viwili kwa basi moja, mwambie wa kwenye basi avifunge nailoni mbili kwa sababu ya mvua, na vikifika visikae vimegusa ukuta: unyevu wa bahari wa huku unaotesha ukungu kwenye karatasi kabla msimu haujaisha.