Fremu ndani ya fremu

Hapa Dar es Salaam neno fremu lina maana mbili, na leo ninazihitaji zote. Fremu ya kwanza ni chumba cha biashara nilichopanga Mwananyamala, ambamo nauza chai na chapati asubuhi, kisha wali na maharage mchana. Ya pili ni zile mbao nne zinazoishika picha. Kwa miaka miwili sasa fremu za aina ya pili zimekuwa zikining'inia ndani ya ile ya kwanza, nne au tano kwa wakati mmoja, zote zikiwa na kazi za wachoraji wanaoishi mitaa ya karibu.

Sikubuni jambo jipya. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuwa na ukumbi wa maonyesho. Alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo watu walikuwa wamefuata mahitaji ya nyumbani na wala hawakuwa wakitafuta sanaa. Alifariki mwaka 1972, baada ya kuifanya kazi hiyo kwa miaka michache tu, lakini wanafunzi wake hawakuliacha eneo lile, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Tofauti na mimi ni kwamba wanunuzi wa Oysterbay wengi wao walikuwa wageni, ilhali wanaokaa kwenye mabenchi yangu ni mafundi gereji, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku na madereva wa bodaboda.

Watu hawa hawaendi kwenye maonyesho. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa, ipo Mikocheni tangu mwaka 2008, wala si mbali na kwetu, lakini mtu aliyeshinda juani hafikirii kupanda gari kwenda kutazama picha, na akiona geti lenye mlinzi huhisi kwamba ataulizwa amefuata nini. Mgahawani haulizwi chochote zaidi ya kama anataka maharage au mchicha. Akishaagiza, atasubiri sahani yake kwa dakika kumi na tano, na macho yake lazima yatue mahali.

Mwaka jana yalitua kwenye picha ya daladala iliyokwama katika mafuriko ya Jangwani, abiria wakipitia madirishani na konda akiwa amebeba viatu vyake kichwani. Siku ya tatu dereva mmoja wa bodaboda akagundua kwamba mlango wa daladala umechorwa upande wa kulia. Ubishi ulidumu karibu wiki nzima, huku wengine wakidai kwamba gari lilikuwa limegeuzwa na maji, na muuguzi mmoja akishikilia kwamba mchoraji ana haki ya kuweka mlango anapotaka. Mchoraji mwenyewe alipokuja akasikiliza, akacheka, akaichukua picha yake na kuirudisha baada ya siku nne ikiwa na mlango upande wa kushoto. Yule dereva akainunua kwa mafungu manne. Sidhani kama kuna ukumbi wowote ambao ungempatia mchoraji huyo wahakiki wakali kiasi hicho.

Mwanzoni nilikosea mengi. Nilitundika picha bila maelezo, na wateja wakaamini kwamba ni mapambo yangu, mpaka nilipobandika kando ya kila moja karatasi yenye jina la mchoraji, namba yake ya simu na bei. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kutundika picha ya kanvasi mkabala na jiko. Moshi wa mafuta ya chapati uliifunika kidogo kidogo, na nilipojaribu kuisafisha nikatoka na rangi ya anga pamoja na uchafu, hivyo nikamlipa mwenye kazi bei kamili. Tangu hapo karibu na jiko huning'inia hadibodi tu, kwa kuwa rangi yake ya mafuta huvumilia kitambaa chenye unyevu. Wakati wa masika ukuta wangu hutoa jasho, kwa hiyo nyuma ya kila pembe ya picha nimebandika kipande cha ndala kuukuu ili hewa ipite.

Kuhusu fedha, tunatumia utaratibu ambao kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaufahamu, yaani mali kauli: picha inabaki kuwa ya mchoraji hadi itakapouzwa, na katika kila shilingi 100,000 mimi huchukua 15,000. Tunaandika kwenye daftari na kila mmoja anatia sahihi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mchoraji mmoja wa hapa aliwahi kupeleka picha sita katika hoteli ambayo sitaitaja, akaambiwa kwamba malipo yake ni kujulikana, na baada ya mwaka mzima akarudishiwa tano. Kuta za mwenye biashara zinapendeza bure, na mchoraji anabaki na nauli ya kufuatilia.

Daftari lilinisaidia pia siku ambapo mteja alipiga picha mchoro wa ngalawa, kisha akataka kuuchapisha kwenye fulana. Nilimweleza kwamba, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata anayenunua mchoro hanunui haki ya kuunakili, nikampa namba ya mchoraji. Walielewana wenyewe, sikudai chochote, ingawa mke wangu anaona kwamba nilipaswa.

Kinyozi wa fremu ya jirani, ambaye vichwa vilivyochorwa kwa mkono ukutani kwake vilifunikwa zamani na bango la kuchapwa, ameomba picha mbili. Nimempa sharti la daftari tu. Msumari ulioshika ile daladala bado uko mtupu, kwa maana mchoraji ameahidi kuleta nyingine kabla ya vuli, na wateja wameshaanza kuuliza mlango utakuwa upande gani.