Malenga

Juni 2018, upepo wa Dodoma ukiwa ule wa kupasua midomo, nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma nikisomea isimu. Nayataja masomo kwa sababu ndiyo yaliyoniponza. Mtu ukishahudhuria mihadhara miwili mitatu kuhusu ubongo na lugha, unajiona hakuna mgonjwa atakayekushinda.

Babu aliletwa mjini kutoka Chunyo, kule Mpwapwa, mkono wa kulia ukining'inia kama si wake. Daktari wa zamu alimsogelea akamuuliza kwa sauti ya juu, utadhani kiharusi ni uziwi: "Mzee, unaitwa nani?" Babu akamtazama tu. "Leo siku gani? Hapa uko wapi?" Midomo ikacheza, ikatoka "hii... hii...", basi. Kwenye faili likaandikwa neno moja: haongei.

Mimi moyoni nilikuwa nimeshamaliza kazi. Muhula ule mhadhiri alitusimulia habari za daktari Paul Broca wa Paris na mgonjwa wake Leborgne, ambaye kila akiulizwa jambo alijibu "tan, tan". Alipofariki mwaka 1861, Broca akautazama ubongo wake, akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Babu naye mkono wa kulia umekufa, maneno hakuna. Kwa hiyo kushoto, mbele. Nilijisikia mtaalamu. Hata kulia sikulia.

CT skani, picha ya kichwa ya eksirei, haikuonyesha damu iliyovuja, wakaagiza MRI kesho yake, ile mashine inayopiga picha ya ubongo kwa sumaku kubwa. Mlangoni pa chumba cha MRI tukakwamishwa na bangili.

Ulikuwa waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi juu ya kifundo cha mkono ule ule wa kulia. Mama anasema hajawahi kumwona baba yake bila hiyo bangili. Sasa mkono ulikuwa umevimba, waya umezama nyamani. Kaka wa mashine alijaribu sabuni ya maji, akajaribu mafuta. Nikambishia: shaba haivutwi na sumaku. Akakubali, ila akasema sumaku siyo shida pekee. Mashine inapiga pia mawimbi ya redio, na waya uliojizungusha namna ile unaweza kupata moto ukamuunguza mtu. "Na huyu hawezi kutuambia anaungua."

Akaitwa fundi na koleo la kukatia waya. Aliingiza mdomo wa koleo chini ya shaba taratibu kama anayetoa mwiba, akakata. Mzunguko mmoja, halafu mwingine. Ngozi ya chini yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, haijaona jua miaka na miaka. Babu aliitazama ile ngozi kwa muda. Kisha akasema, wazi kabisa:

"Malenga."

Kaka wa mashine akanigeukia. "Kumbe babu mshairi?"

Nami nikafikiri, na aibu hii sijawahi kuiandika popote, kwamba hiyo sasa ndiyo "tan" ya babu, neno lililodondoka lenyewe bila maana. Nilikuwa natafuta kalamu nilinukuu. Mama mmoja wa usafi aliyekuwa akipiga deki koridoni ndiye aliyesema, "Maji. Anaomba maji huyo." Akaegemeza fagio ukutani, akamwinamia babu, akamsalimu kwa Kigogo: "Mbukwenyi." Babu akaitika. Yule mama akauliza jambo, babu akajibu maneno mawili, akakwama, akalitafuta la tatu mpaka akalipata. Nesi alipohakikisha anameza vizuri, akapewa maji kijiko kimoja kimoja.

Malenga ni maji kwa Kigogo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ugogo iliijua nyika kavu ya upande ule wa Chunyo kwa jina la Marenga Mkali, kwa ajili ya maji yake yasiyonyweka. Wazungu waliopita njia ile waliliandika jina hilo vitabuni mwao. Kichwani mwangu halikuwemo. Mimi nimekulia Area C, mjini Dodoma. Kigogo changu kinaishia kwenye salamu.

Picha zilichukua kama nusu saa, mashine ikigonga kama mafundi bati. Zilipotokea kwenye kioo, palikuwa na doa jeupe. Nikalinyooshea kidole haraka: "Mbona ni kulia?" Kaka akacheka. Picha hizo husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa mnatazamana; kulia kwa kioo ni kushoto kwake. Kumbe nilikuwa nimebahatisha jibu, ila hata kulisoma sikujua.

Nikamuuliza kama mashine inaweza kuonyesha Kigogo kilipo. "Hii imepiga picha ya nyumba," akasema. "Haijapiga picha ya wanaopika ndani." Picha ya wapishi ipo, akaniambia, ila inahitaji mtu anayeweza kufuata maelekezo: taja majina ya wanyama kimoyomoyo, pumzika, taja tena. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi, na mashine huitambua tofauti hiyo. Mwanasayansi Mjapani Seiji Ogawa alionyesha jambo hilo mwaka 1990. Damu nayo ina uvivu wake, hufika kileleni sekunde tano sita baada ya kazi. Na zile rangi nyekundu tunazoziona magazetini hazimo kichwani mwa mtu, ni hesabu zilizopakwa rangi.

Daktari wa jioni, mwingine kabisa, alinipa jibu nililolipenda zaidi. Lugha mbili za mtu mmoja hazikai vyumba viwili, kwa sehemu kubwa zinatumia ubongo ule ule, kwa hiyo nisitafute doa la Kiswahili. Mwanasaikolojia Mfaransa Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kilichojifunzwa kwanza ndicho kinachodumu. Daktari Mfaransa Pitres mwaka 1895 akasema hurudi kwanza lugha iliyotumika zaidi. Wapo wagonjwa wanaowakatalia wote wawili. Kwa babu hata kuwashindanisha haiwezekani, maana Kigogo kilikuwa cha kwanza na ndicho alichoshindia kutwa shambani. Daktari akachukua faili, akakata lile neno, akaandika: anaongea Kigogo, kwa shida.

Usiku ule yule mama wa usafi alinitajia maneno kumi na tano: njaa, maumivu, baridi, choo. Niliyaandika kwenye daftari la isimu, pembezoni mwa ukurasa wa Broca. Nilipomsomea babu, alifumba macho kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Siku ya nne daktari wa kwanza alirudi. "Mzee, unaitwa nani?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida safari hii.

"Malenga," babu akamwambia. Daktari akanyoosha mkono akachukua jagi.