Wewe Tano

Mwaka 2009 kila kijana mrefu wa Dar es Salaam aliitwa Hasheem. Mwezi Juni Hasheem Thabeet, mtoto wa mji huu mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kikapu ya Marekani, na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mimi nilikuwa na miaka 17 na mita 1.91. Kocha alinipima kwa macho, akasema, "Wewe tano." Hakuniuliza kingine.

Nilitoka kwenye soka, ambako namba moja ni kipa na tano ni beki wa kati. Kwenye kikapu nilikuta hesabu nyingine kabisa. Moja ni pointi gadi, anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi. Mbili anapiga kutoka mbali, tatu anaingia kutokea pembeni, nne anapigana chini na kutoka kidogo. Tano ni senta: umeipa ringi mgongo, unagombea ribaundi, mipira inayorudi ikikosa kuingia, unazuia mipira isiingie. Wala hizo si namba za jezi. Jezi za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wakati ule zilianzia 4 hadi 15, kwa kuwa vidole vya mwamuzi vinahitaji moja, mbili na tatu kwa kuonyesha pointi. Mimi tano nilivaa 11.

Kazi ya chini niliipenda. Kilichoniuma ni kukatazwa kudunda. Nikidaka ribaundi na kudunda hata mara moja, benchi inalipuka: "Mpe moja! Mpe moja!" Basi nikawa nadunda nyumbani jioni, kichochoroni, na mdogo wangu wa miaka 12. Alikuwa mfupi na mwepesi, mikono yake inakuja kutokea chini. Kumpita yeye ilibidi nikunje magoti na mpira usipande juu ya goti.

Jumamosi moja, kwenye uwanja wa saruji, tulikuwa nyuma kwa pointi 7, dakika nne zimebaki. Namba moja wetu akapata faulo ya tano, akatoka. Msaidizi wake alikuwa kitandani na malaria. Kocha alipitisha macho kwenye benchi, akarudi nayo, kisha akaniangalia mimi.

"Dogo, panda na mpira."

Nikapanda nao. Senta wao, aliyezoea kunikaba, akanifuata hadi nje ya mstari wa pointi tatu. Hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa chini: eneo la sekunde tatu, lile lililo chini ya ringi, lilikuwa tupu. Ukuta wao wote ulikuwa umesimama mbele yangu, mbali na ringi. Namba mbili wetu, mfupi kuliko wote, akakata katikati, nikampitishia pasi juu ya mikono ya yule senta, akaweka. Tukarudia vilevile, ikaingia tena.

Wakaomba muda. Waliporudi walinipa gadi mdogo, mwenye mikono kama ya mdogo wangu. Mara moja alininyang'anya, akaenda kufunga. Lakini kila nilipouficha mpira chini na kuinua uso, niliuona uwanja wote juu ya kichwa chake, na wenzangu wakawa wanapata pasi pale wanapozitaka.

Miaka baadaye nilisoma habari za Magic Johnson, namba moja mwenye mita 2.06. Mei 1980, fainali ya NBA, senta wa timu yake, Kareem Abdul-Jabbar, ameumia, kijana huyo wa miaka 20 alianza mechi kama senta, akafunga pointi 42. Nikatafuta kanuni za FIBA nione neno senta limeelezwaje. Kanuni zinataka wachezaji watano uwanjani, na timu iwe na nahodha. Nafasi hazikugawiwa humo. Zinagawiwa na makocha, na bado naona makocha wanaowagawia watoto kwa urefu siku ya kwanza, kabla mtoto hajashika mpira. Linaniuma kila mara.

Siku ile tulifungwa kwa pointi moja. Nilikuwa nafungua kamba za raba kocha alipokuja kukaa kando yangu.

"Ulijifunzia wapi kudunda?"

"Nyumbani, kocha. Na mdogo wangu."

"Ana urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, chini ya kifua changu.

"Jumatatu mje naye."