Watu Wako Ni Akina Nani?

Jumapili usiku, Knoxville

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sikwenda kanisani, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika jambo lililonikaa rohoni tangu Alhamisi.

Kwa wasiojua, kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani. Mara mbili kwa wiki naendesha gari kutoka hapa Knoxville, mashariki mwa jimbo la Tennessee, Marekani, kuelekea kaskazini hadi milima ya Cumberland inapoanza kuinuka, kisha naiacha barabara kuu na kuingia katika kibonde chembamba chenye kijito upande mmoja na nyumba upande mwingine. Nyumba ziko kumi na moja, na kwa hesabu ya mgonjwa wangu tisa kati ya hizo ni za ukoo wake. Yeye ni mzee wa Kizungu wa miaka 84 aliyeharibiwa mapafu na vumbi la makaa ya mawe. Mpira wa oksijeni unamfuata kutoka kitandani hadi barazani kama mbuzi aliyefungwa kamba, naye anautukana kutwa nzima.

Siku ya kwanza hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Watu wako ni akina nani?" Nilikaribia kucheka, maana nimezaliwa Usangi, katika milima ya Upare, na kwetu mtoto akikutana na mzee njiani haulizwi jina lake, huulizwa ni wa nani, asiyeweza kutaja baba na babu ni mtu wa kuja, hata kama amelima kahawa pale kwa miaka thelathini. Basi nikamtajia watu wangu mmoja baada ya mwingine hadi babu wa babu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuelewa hata jina moja, akaridhika. Tangu siku hiyo binti yake huniwekea bakuli la maharage na kipande cha mkate wa mahindi, na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa juu yake, nami hula mezani pamoja nao, si jikoni wala ndani ya gari.

Nimeyasema hayo kwanza ili isidhaniwe kwamba nina kinyongo na nyumba ile.

Alhamisi, nikiwa namfunga kifaa cha kupimia shinikizo la damu, mzee alinitazama kwa upole wa kweli akasema, "Ninyi mliotoka Afrika mna adabu na mnafanya kazi. Si kama hawa wetu." Nilitabasamu, nikamwambia ahsante, nikaandika namba kwenye daftari. Kilichoniudhi baadaye, nilipokuwa nikiteremka mlima, ni kwamba wakati ule sikukasirika hata kidogo. Nilifurahi.

Lakini "hawa wetu" ni akina nani? Katika kibonde kile hakuna mtu mweusi hata mmoja isipokuwa mimi, mara mbili kwa wiki. Niliwahi kudhani kwamba milima hii ni ya Wazungu watupu kwa kuwa ni ya mbali, watu weusi hawakupata sababu ya kufika. Si kweli. Umbali mfupi kutoka hapo ni Briceville na mji uliokuwa ukiitwa Coal Creek, na huko makampuni ya makaa yaliletewa wafungwa waliokodishwa na jimbo lenyewe, wengi wao watu weusi, ili wachimbe kwa bei ya chini kuliko wachimbaji huru. Mwaka 1891 wachimbaji hao walichukua bunduki, wakavunja kambi za wafungwa na kuwafungulia mamia yao waende zao. Jimbo lilituma askari, watu wakafa, na mikataba ya kukodisha wafungwa haikuendelea baada ya 1896. Mwaka huohuo jimbo lilifungua gereza la Brushy Mountain upande wa pili wa milima, likawa linawachimbisha wafungwa makaa katika mgodi wake lenyewe. Mzee anaijua hadithi hii na huisimulia kwa fahari, kwa kuwa babu yake alikuwamo. Katika masimulizi yake mfungwa hana sura wala watu wake. Ni mkono uliokuja kula mkate wa babu.

Njiani kuna ghala limechorwa bendera ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani ili kulinda utumwa. Hili nalo hunishangaza, kwa sababu mashariki mwa Tennessee, katika kura ya Juni 1861, walikataa kujitenga kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Mababu wa mwenye ghala huenda waliikimbia bendera hiyo wakajificha msituni.

Jana mfanyakazi mwenzangu, mama mmoja mweusi ambaye ukoo wake uko katika wilaya hii tangu enzi za utumwa, alinipeleka katika mji wa Clinton. Mbele ya iliyokuwa shule ya msingi ya watoto weusi, Green McAdoo, juu ya kilima, zimesimama sanamu 12 za shaba za ukubwa wa binadamu. Ni wanafunzi walioshuka kilima hicho Agosti 1956 kwenda shule ya sekondari ya Wazungu kwa amri ya mahakama. Kabla ya hapo vijana weusi wa Clinton walipandishwa basi hadi Knoxville, kiasi cha kilomita 30, huku shule ikiwa inaonekana chini ya kilima. Ghasia zilipozidi, gavana Frank Clement alileta askari wa jimbo na vifaru. Mchungaji Mzungu, Paul Turner, aliwasindikiza wanafunzi hao Desemba, akapigwa akielekea kanisani kwake. Mwaka 1957 Bobby Cain, mmoja wa wale 12, alihitimu. Oktoba 1958, asubuhi ya Jumapili, shule hiyo ya sekondari ililipuliwa kwa baruti ikiwa tupu.

Mama yule alisema kwamba watu wa mji hupenda kusimulia kuwa fujo zote zililetwa na John Kasper, mchochezi aliyetoka nje. "Ni kweli alitoka nje," alisema. "Lakini hakuwafundisha watu kurusha mawe kwa siku mbili."

Kichwani nilikuwa napiga hesabu nyingine. Mtu mwenye miaka 84 leo alikuwa na umri wa kukaa darasani mwaka 1956. Mgonjwa wangu aliwahi kuniambia kwamba aliacha shule mapema, hakusema ni shule gani, na mimi sikuuliza.

Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika milima hii kuja kwangu hakumponyi mwenyeji yeyote mweusi. Nimegeuzwa kipimo cha kumpimia na kumkuta amepungua. Lafudhi yangu ndiyo kibali changu cha kuingia kibondeni. Mama huyu, anayeweza kumtajia mzee watu wake waliozikwa katika udongo uleule, hapangiwi kazi upande ule. Aliomba mwenyewe asipangiwe, baada ya kusimamishwa mlangoni kwa dakika ishirini katika nyumba nyingine huku mgonjwa akipiga simu kuuliza kama hakuna mhudumu mwingine.

Tulipokuwa tukirudi kwenye gari nilimsimulia maneno ya Alhamisi. Nilitarajia acheke au akasirike, niungane naye. Aliniuliza tu, "Na wewe ulimjibu nini?"

Nilimwambia kwamba nilisema ahsante.

Aliitikia kwa kichwa, akafunga mkanda, na hakuzungumza tena mpaka tulipolivuka daraja la mto Clinch. Hapo akaniuliza kama napenda maharage yao. Jumanne ni zamu yangu kupanda tena.