Siku moja kwenye steshenari yangu Tabora: Kanali, mwanawe na vitabu "vitano"

Nafungua saa moja asubuhi. Ni kichumba tu huku Isevya: kompyuta, printa na mashine ya kopi inayotaka kubembelezwa kila inapoamka. Naandika haya kwa ajili ya wale wanaoniambia, "wewe si unachapa tu?"

Mpaka saa tatu sina la kusimulia. Kopi za vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, mwalimu mwenye mtihani wa kudurufu, kijana anayetaka barua ya kazi "kama ile uliyomwandikia mwenzangu".

Saa tatu na nusu akaingia Kanali mstaafu na mwanawe. Shikamoo mzee. Marahaba binti. Mzee amekumbatia bahasha ya kaki, mwana amekumbatia simu. Baba anatimiza miaka 80, na familia inataka kijitabu cha kugawa siku ya sherehe: historia ya utumishi wake jeshini pamoja na orodha ya maandishi yake. Kinatakiwa leo leo.

"Andika, dada. Alijiunga na JWTZ mwaka 1963."

Nikaondoa vidole kwenye kibodi. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya askari wa Tanganyika Rifles kuasi Januari mwaka ule, maasi yaliyofika mpaka hapa kwetu Tabora, na jeshi lile likavunjwa. Mtu atajiungaje na jeshi ambalo bado halijaundwa? Nikamgeukia mzee mwenyewe. Akajibu bila haraka, "63 nilikuwa JKT. Jeshini niliingia mwaka uliofuata." Hapo sasa panaeleweka, maana JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ilianza Julai 1963. Nikaandika mistari miwili badala ya mmoja. Mwana akauliza kuna tofauti gani. Baba yake akamtazama tu.

Tukafika kwenye picha. Nyuma imeandikwa kwa kalamu ya wino: Masaka, 1979. Mwana anataka chini yake pasomeke "Kanali akiwa vitani Uganda". Lakini kwenye picha mzee ana nyota tatu kila bega. Huyo ni Kapteni. Cheo huandikwa kile mtu alichokuwa nacho siku ile. Nikamkumbusha mwana kwamba hata David Musuguri, ambaye sote tunamwita Jenerali, alipoiongoza Divisheni ya 20 kule Uganda alikuwa Meja Jenerali. Ukuu wa majeshi aliupata mwaka 1980, na Ujenerali kamili ulikuja baada ya vita. "Wageni hawatajua," akasema. Wageni gani? Watakaa pale wastaafu waliolala handaki moja na baba yako, halafu hawatajua?

Ikaandikwa Kapteni.

Kilichonichosha kabisa ni orodha ya maandishi. Mwana alikuja na hesabu yake kichwani: vitabu vitano. Nikavipanga mezani. Viwili kati ya hivyo vitano ni kitabu kimoja, chapa ya kwanza na chapa ya pili, jalada tu limebadilika rangi. Cha tatu ni kijitabu cha kubana kwa pini, hakina ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, wala jina la mchapaji. Cha nne ni jarida la jeshi, na humo mzee ana makala moja ya kurasa sita. Cha tano ni hotuba aliyowasomea wanafunzi, imepigwa taipu.

Nikaanza kueleza. Kitabu ukikifungua kurasa za mwanzo utakuta namba ya ISBN, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Zile za kabla ya 2007 zina tarakimu 10, za sasa 13. Chapa mbili huandikwa mahali pamoja, mwaka wa kwanza ukitangulia. Makala hutajwa pamoja na jarida, toleo na kurasa zake. Hotuba ni hotuba. "Kwa hiyo baba ana kitabu kimoja?" Akaipaza sauti mpaka mama wa vitumbua wa nje akachungulia. Ana kitabu kimoja kilichochapwa mara mbili, kijitabu, makala na hotuba. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko vitano vya uongo, na mzee naye alionekana kuridhika, maana alianza kunisimulia alivyoiandika ile hotuba usiku kwa taa ya chemli.

Umeme ukakatika. Sijui ilikuwa saa ngapi, najua tu nilikuwa sijala. Nikaendelea kwa peni kwenye karatasi za kopi zilizoharibika, mzee akitaja, mimi nikiandika, mwana akizunguka nje na simu sikioni. Wateja wa kopi wakaja wakarudi; hela yao ikaenda kwa jirani mwenye jenereta.

Umeme uliporudi kiza kilikuwa kinaingia. Nikachapa, nikatoa nakala ya kusahihisha, mzee akaisoma neno kwa neno amevua miwani, karatasi karibu iguse pua. Akaona nafasi niliyoiacha wazi: lile jarida halina jalada, mwaka haujulikani. Mwana akasema weka wowote. Tukakubaliana na mzee kwamba kesho nitapita Maktaba ya Mkoa nikaulizie kama wana toleo lenye jalada lake.

Kisha tukafika kwenye malipo. Nikataja bei.

"Dada, yote hiyo? Si umechapa kurasa nane tu?"

Kanali akaingiza mkono kwenye bahasha, akatoa noti, akalipa mwenyewe.