Tulivyopata matunzo ya watoto wa marehemu dada yangu

Dada yangu alipofariki aliacha watoto watatu: mvulana wa miaka 16, msichana wa miaka 10 na mdogo wao wa miaka 4. Baba yao alikuwa ameshaoa tena na kuhamia Unguja, na fedha alizokuwa akizituma zilipungua hadi zikakatika kabisa. Watoto walibaki hapa Wete, Pemba, kwa bibi yao mzaa mama, na mimi, mjomba wao, nikabeba kazi ya kuzungukia ofisi. Naandika kwa sababu jamaa wengi wenye hali kama yetu hudhani kwamba pa kwenda ni mahakamani tu, na kwa kuwa wanaona haya kumshitaki mtu waliyekula naye sahani moja, wananyamaza.

Tulianza kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, kwani ofisi nyingi za Zanzibar hutaka barua yake kabla ya jambo lolote. Barua hiyo niliomba iandikwe kwa jina la mama yangu, si kwa jina langu, na huo ulikuwa ushauri wa msaidizi wa sheria anayehudumia shehia yetu. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, na huduma yao ni bure. Alinifahamisha kwamba katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu visiwani, mama akifa haki ya hadhana, yaani ya kukaa na watoto na kuwalea, huenda kwa mama yake kabla ya kumfikia baba, na mjomba hana nafasi mbele yao. Wakati huohuo, wajibu wa kuwalisha na kuwavisha watoto haumtoki baba kwa sababu tu wanalala nyumba nyengine. Maelezo hayo mafupi yalibadilisha mazungumzo yote yaliyofuata: hatukuwa tena tunaomba hisani ya shemeji, bali bibi alikuwa anadai haki ya wajukuu wake.

Kutoka kwa sheha tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Nilitarajia kujaziwa fomu na kuambiwa nisubiri, lakini afisa huyo alifika nyumbani, akazungumza na kila mtoto peke yake, akaangalia wanapolala, akauliza kuhusu skuli na madrasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na kwa hakika niliona tofauti baina ya mtu anayekuja kusuluhisha wakubwa na anayekuja kuwatazama watoto. Tulipomuuliza kuhusu kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wa kumzaa, ambayo sheria hiyo inaitambua, alisema haikuwa na haja kwetu, kwa kuwa baba yupo, anajulikana na hajawakana wanawe.

Alimpigia simu shemeji, na baada ya siku kadhaa shemeji akavuka bahari akaja. Kikao kilikuwa kizito mwanzoni, kisha kikatulia pale alipotakiwa aeleze kipato chake na sisi tukatakiwa tueleze matumizi halisi: unga, mchele, sare, daftari, nauli. Nawashauri wenzangu waiandike hesabu hiyo mapema, kwa sababu ukitaja kiasi kikubwa bila ya mchanganuo unaonekana unakomoa. Tulikubaliana kiasi cha kila mwezi, kitumwe kwa simu moja kwa moja kwa bibi. Afisa akatushauri tuyapeleke makubaliano hayo mbele ya kadhi wa wilaya, maana karatasi ya ofisini inategemea hiari ya mtu, ilhali amri ya mahakama inaweza kutekelezwa. Kadhi aliwasikiliza bibi na baba, akayathibitisha.

Mdogo wao hakuwa na cheti cha kuzaliwa kwa kuwa alizaliwa nyumbani. Hilo tulilimaliza kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, tena kwa barua ya sheha. Kwa bibi mwenyewe, pensheni jamii ya wazee waliotimiza miaka 70, ambayo ilipoanza mwaka 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, inasaidia mafuta ya taa na dawa. Si fedha ya kulelea watoto, na wala hatukuihesabu hivyo kikaoni.

Aliyetutia wasiwasi zaidi alikuwa mvulana. Msimu wa karafuu ulimtoa skuli, akaonja fedha, akagoma kurudi. Mimi ningemlazimisha, afisa akapendelea kumuuliza anataka nini. Alitaka kusomea umeme. Afisa akatuelekeza kwenye kituo cha mafunzo ya amali, yaani ya ufundi, cha Vitongoji, Chake Chake, na sasa anasoma huko. Nauli yake tuliiongeza kwenye hesabu ya baba kwa kurudi kwa afisa yuleyule, ambaye jalada letu bado analo.

Niongeze jambo moja kwa ambaye shida yake ni kipigo au udhalilishaji, si matunzo: njia yake ni nyengine. Huyo asianze na vikao vya suluhu. Aende katika kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, au apige simu namba 116, ambayo haina malipo na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.